Daftari la Malili Liko kwa Nani?

Hoja: Wakazi wa Malili waache kuzijazia ramani za simu habari zao bure mpaka wajue faida inakwenda kwa nani.

BODABODA: Naunga mkono. Mteja akishuka kwenye matatu hapa Malili, siku hizi haniambii anakokwenda. Ananionyesha simu. “Twende hapa,” anasema, na kidole kiko juu ya pini nyekundu. Mara nyingi pini hiyo iko ng’ambo ya reli ya SGR, na ramani imechora njia iliyonyooka kana kwamba reli haina ua. Anayejua kivuko kiko wapi ni mimi. Tukienda, simu yake inahesabu kila kona niliyokata. Kesho mgeni mwingine anapitishwa njia hiyo hiyo, na mimi niliyeifundisha simu sijalipwa hata pesa ya petroli. Tunafundisha bure, wengine wanauza.

MSANIDI PROGRAMU: Napinga. Malili iko kando ya barabara kuu ya Nairobi kwenda Mombasa, kilomita 60 hivi kutoka jijini. Magari yanapita hapa mchana na usiku, na dereva hana sababu ya kukanyaga breki asipojua kuna nini. Zamani alijulishwa na kibao. Leo anaanza kutafuta akiwa Athi River: wapi pa kula, wapi pa kuziba pancha, wapi pa kulala. Isitoshe, katika nchi hii barua kwa kawaida inakwenda kwenye sanduku la posta, haiji mlangoni. Pini ndiyo anwani ya kwanza ambayo wengi wetu tumewahi kuwa nayo. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Ramani ndiyo daftari la biashara za barabarani, na kuandikwa humo hakuna ada.

MWENYE HOTELI: Daftari silikatai, mwanangu. Nauliza tu: likikaa kwa mwenzako, naye akaandika atakalo, mali bado ni yako? Hoteli yangu iliwekwa kwenye ramani moja ya simu na mtu nisiyemjua, pamoja na picha ya meza zangu ambayo hakuna aliyeniomba. Wateja wakaja, sisemi uongo. Familia zinazoshuka Mombasa mwezi wa Desemba zinapiga simu zikiwa Kyumbi, zinaagiza nyama ili zikute imeiva. Halafu simu zikanyamaza. Nikadhani ni ugumu wa maisha, mpaka mpwa wangu alipofungua ramani akanionyesha maneno mawili chini ya jina langu: “Imefungwa kabisa.” Jiko linawaka, supu inachemka, wahudumu wamesimama mlangoni, na kwenye simu nimeshafunga. Nani aliandika? Sijui. Nimwendee nani? Hakuna ofisi ya kubisha hodi.

MSANIDI PROGRAMU: Pole, mama. Lakini kisa chako kinanitetea mimi. Ukurasa wa biashara ukithibitishwa na mwenyewe, unaweza kuarifiwa mtu akiubadilisha, na neno lako linakuwa na uzito kuliko la mpita njia. Aliyekuumiza ni mtu aliyejaza pengo uliloliacha. Kususa hakufungi pengo hilo. Angalia Kibera. Mwaka 2009 mtaa ule wenye watu wengi kiasi kile ulikuwa haujachorwa kwenye ramani nyingi, mahali pake pamebaki patupu. Vijana wa huko huko wakashika vifaa vya GPS, wakachora vichochoro, vyoo, shule na zahanati, katika mradi wa Map Kibera. Mwaka mmoja kabla, wakati wa ghasia za baada ya uchaguzi, Wakenya walianzisha Ushahidi, wakakusanya ripoti za wananchi na kuziweka kwenye ramani. Programu hiyo ikaenda kutumika Haiti baada ya tetemeko la 2010. Wale vijana wangesema “tulipwe kwanza,” Kibera ingebaki tupu.

MPIMA ARDHI: Hapo umechanganya vitu viwili, na niruhusu nivitenge. Map Kibera iliingiza kazi yake kwenye OpenStreetMap, ramani iliyoanzishwa Uingereza mwaka 2004. Leseni yake inamruhusu mtu yeyote kuchukua data yote, hata kufanyia biashara, mradi ataje ilikotoka na asiifungie data aliyoiendeleza. Google nayo ilikuwa na Map Maker tangu 2008. Watu wa nchi zenye ramani duni walichora humo barabara na majina ya vijiji vyao kwa mikono yao. Mwaka 2017 Map Maker ikafungwa, na vilivyochorwa vikabaki ndani ya ramani ya kampuni. Jasho ni lile lile pande zote mbili. Tofauti ni kwamba upande mmoja mchoraji anaweza kurudi kuchukua alichochora, upande mwingine anarudi kama mteja.

BODABODA: Asante, mzee. Na zile ruti za matatu za Nairobi?

MPIMA ARDHI: Hizo ni mfano mzuri zaidi. Wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Nairobi, wakishirikiana na watafiti wa vyuo vya Marekani, walipanda matatu na simu mkononi wakaandika kila steji, ruti kwa ruti, zaidi ya 130. Mradi uliitwa Digital Matatus, na ramani yake ikatoka mwaka 2014. Data iliachwa wazi kwa kila mtu. Mwaka uliofuata ruti hizo zikaonekana ndani ya Google Maps.

BODABODA: Wazi kwa kila mtu, lakini mwenye gari kubwa ndiye aliyebeba mzigo mkubwa.

MSANIDI PROGRAMU: Na abiria wa Nairobi ndiye aliyefaidi! Mgeni aliyeshuka kutoka Wote akajua matatu gani inakwenda Kawangware bila kuzungushwa na makanga. Hiyo si faida? Kwa nini tuhesabu ya kampuni peke yake?

MWENYE HOTELI: Kwa sababu sote tunajua hesabu ingeweza kupigwa vingine. Kabla sijaja Malili nilikuwa na duka Nairobi. Kulikuwa na kampuni iitwayo Mocality iliyoorodhesha biashara za Kenya, na waliokusanya majina na namba za maduka walilipwa kwa M-Pesa. Januari 2012 Mocality ikatoboa siri hadharani: watu waliokuwa wakiifanyia Google kazi walikuwa wakichota namba kutoka kwenye orodha yake, wakiwapigia wenye maduka kuwauzia huduma za tovuti, na kudai kwamba kampuni hizo mbili zinashirikiana. Google ikaomba radhi. Mwaka uliofuata Mocality ikafunga. Aliyekuwa akilipa hayupo, asiyelipa yupo kwenye kila simu.

MSANIDI PROGRAMU: Google ilikosa, na ilikiri. Lakini kufungwa kwa Mocality na kisa kile usivifunge kamba moja, mama. Ramani ni biashara inayokula pesa. Nokia ilinunua kampuni ya ramani ya Navteq kwa dola bilioni 8.1. Oktoba 2009 Google ikatangaza kwamba mwongozo wa njia kwenye simu utakuwa wa bure, na hisa za Garmin na TomTom zikaporomoka siku ile ile. Mwaka 2015 Nokia ikauza biashara yake ya ramani kwa Audi, BMW na Daimler kwa euro bilioni 2.8. Kama Nokia ilishindwa kuilipisha ramani, kampuni ya Nairobi ingeilipishaje?

BODABODA: Mbona umetaja zilizoanguka tu? Taja na Waze.

MSANIDI PROGRAMU: Waze ilianzia Israel. Madereva waliitumia kupashana habari za foleni, ajali na polisi, na wengi wao walichora barabara kwa kujitolea. Mwaka 2013 Google ikainunua kwa takriban dola bilioni moja.

BODABODA: Na waliochora kwa kujitolea walipata nini?

MSANIDI PROGRAMU: Walipata programu nzuri ya kukwepa foleni.

BODABODA: Nimekusikia.

MSANIDI PROGRAMU: Sikiliza basi na upande wangu, maana mimi pia natozwa. Unayeitazama ramani kwenye simu yako hulipi. Anayelipa ni mwenye tangazo, na mwenye programu anayeiweka ramani hiyo ndani ya huduma yake. Mwaka 2018 Google ilibadilisha bei zake kwa wasanidi. Zamani ramani kwenye tovuti ilifunguliwa mara 25,000 kwa siku bila malipo. Baada ya hapo kiwango cha bure kikawa kama mara 28,000 kwa mwezi mzima, na tangu Machi 2025 ni 10,000. Ikizidi hapo, dola 7 kwa kila mara elfu. Nikiwa na programu ndogo ya kupeleka mizigo Makueni, na ramani ikafunguliwa mara 100,000 kwa mwezi, nina deni la dola 630. Mwanzoni mwa 2024, dola ilipofika shilingi 160, hizo zingekuwa zaidi ya laki moja. Mauzo yangu ni kwa shilingi, bili inakuja kwa dola.

MWENYE HOTELI: Na bado unatuambia tuzidi kuijaza?

MSANIDI PROGRAMU: Nawaambia mjaze zote, na hasa zile zilizo wazi, ili siku moja nisiwe na bwana mmoja tu wa kumlipa. Mkigoma, bwana huyo hashtuki. Anazo picha za satelaiti na mamilioni ya simu mifukoni mwa watu. Atakayebaki gizani ni msanidi mdogo wa hapa, ambaye hana njia nyingine ya kuijua barabara ya Kilome ila mmwambie.

MPIMA ARDHI: Nami nina ugomvi na pini, na huu wangu umewagharimu watu akiba zao. Serikali ilinunua ekari 5,000 za shamba la Malili kwa ajili ya mji wa Konza, na Januari 2013 Rais Kibaki akazindua ujenzi. Tangu hapo kila kipande cha ardhi cha upande huu kinauzwa kwa jina la Konza. Muuzaji anamtumia pini mnunuzi aliye Nairobi au Doha, na mnunuzi anaona ameshaliona shamba. Sasa tupige hesabu. Simu ya kawaida, hata penye uwanda mtupu usio na jengo la kuziba satelaiti, hukosea kwa mita tano hivi. Kiwanja cha futi 50 kwa 100 kina upana wa mita 15. Kosa hilo peke yake ni theluthi ya upana wa kiwanja. Ukichimba shimo la choo kwa kufuata simu, unaweza kulichimba kwa jirani. Kifungu cha 18 cha Sheria ya Usajili wa Ardhi ya 2012 kinasema kwamba hata ramani ya msajili huonyesha mipaka kwa kukadiria tu, isipokuwa pale mipaka ilipopimwa na kuandikishwa kuwa imethibitishwa. Ramani ya serikali yenyewe inajihadhari hivyo. Pini ya WhatsApp ina mamlaka gani?

MSANIDI PROGRAMU: Haina, wala haijawahi kudai. Anayedanganya ni muuzaji. Na ramani hizo hizo zimewaokoa watu wengi. Aliye Doha anafungua picha ya satelaiti, anaona kwamba “dakika tano kutoka lami” ni kilomita kumi na mbili za vumbi, na kwamba “shule jirani” ni kichaka. Babake angetuma pesa kwa kuamini maneno tu.

MPIMA ARDHI: Picha ya satelaiti ina tarehe yake, na wachache huitazama tarehe hiyo. Bikoni ya mpaka iliyong’olewa wiki iliyopita haiwezi kuonekana kwenye picha ya miaka mitatu iliyopita.

BODABODA: Wala picha haikuonyeshi udongo. Uwanda wetu huu ni udongo mweusi. Wakati wa kiangazi unapasuka mpaka mguu unaingia. Mvua ikinyesha unanata kwenye gurudumu mpaka gurudumu linakataa kuzunguka. Lori likipinduka barabara kuu, foleni ikiwa ndefu, simu inawaambia wenye magari madogo: geuka kushoto, utaokoa dakika ishirini. Wanaingia njia za ndani, moja nyuma ya nyingine, na gari la kwanza likizama hakuna la kupita. Sisi tunaitwa kusukuma, tunalipwa, na nikiwa mkweli hiyo huwa siku nzuri ya kazi. Lakini usiniambie ramani inaijua Malili.

MSANIDI PROGRAMU: Ramani haina macho. Inachojua ni kwamba simu zilizoko barabara kuu zinajikokota na kwamba kuna mstari mwingine hauna simu nyingi. Mwaka 2020 msanii wa Berlin, Simon Weckert, alionyesha alivyokokota kigari chenye simu 99 katika mitaa mitupu, na Google Maps ikaipaka mitaa hiyo rangi nyekundu ya foleni. Udongo mweusi hautaingia kwenye ramani mpaka mtu wa hapa aandike: njia hii haipitiki wakati wa mvua. Mtu huyo ni wewe.

BODABODA: Umesema mwenyewe. Rangi ya foleni inatoka kwenye simu zetu, habari ya udongo inatoka kwenye vichwa vyetu. Kampuni ina nini basi?

MSANIDI PROGRAMU: Ina mashine za kuyaunganisha yote hayo na kuyafikisha kwa dereva kabla hajafika kwenye kona. Hiyo si kazi ndogo.

BODABODA: Sikusema ni ndogo. Nasema inalipwa, yetu hailipwi.

MWENYE HOTELI: Mimi nina hofu nyingine. Wahudumu wangu ni wasichana. Mteja anaomba “nitumie lokesheni ya kwako nikupeleke,” wanatuma, na tangu siku hiyo mtu wasiyemjua anajua mlango wao. Simu yenyewe inaweza kukumbuka ulilala wapi na ulikwenda lini hospitali.

MSANIDI PROGRAMU: Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inaigusa hofu hiyo. Mahali alipo mtu ni sehemu ya data inayomtambulisha, na una haki ya kudai irekebishwe au ifutwe ukiwa na sababu. Usiposikilizwa, kuna Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data. Ulisema hakuna pa kubisha hodi, mama. Papo.

MWENYE HOTELI: Papo kwa ajili yangu mimi mwenye kitambulisho. Hoteli yangu je? Ikiandikwa imefungwa, kamishna atasema hiyo ni biashara, si mtu. Sheria imenilinda ninakolala, ikaniacha ninapotafutia riziki.

MSANIDI PROGRAMU: Hapo nakubali, kuna mwanya. Lakini turudi kwenye hoja, maana wenzangu mnaikwepa. Mnataka malipo. Kwa kipimo gani? Lipa shilingi kumi kwa kila duka litakaloandikwa, na kabla ya Jumapili Malili itakuwa na maduka elfu moja, mengi yao chini ya mti. Malipo ya kila kitu kidogo huzaa uongo.

BODABODA: Mama ametuambia Mocality ililipa. Na Grab, kampuni ya usafiri ya Kusini-Mashariki mwa Asia, ilijichorea ramani yake ikitumia madereva na waendesha pikipiki wake. Mwaka 2022 ikaanza kuwauzia wengine ramani hiyo. Kumbe anayepita njia kila siku ni mtaji, si mpita njia. Tena mwaka huo huo zilitoka hapa kwetu kanuni za NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, kwamba kampuni za teksi za programu zisimkate dereva zaidi ya asilimia 18. Serikali ikitaka kuuliza “faida inakwenda wapi,” mdomo inao.

MSANIDI PROGRAMU: Asilimia 18 ya nauli ndogo bado ni nauli ndogo. Madereva wameendelea kugoma hata baada ya kanuni, kwa sababu bei ya safari haikuguswa. Ukidai malipo ya ramani kwa sheria, utapewa namba nzuri kwenye karatasi, na kampuni itajua pa kuifidia.

MPIMA ARDHI: Basi tuanze na kile ambacho hakihitaji ruhusa ya Google kule California. Serikali ya kaunti ndiyo inayotunza barabara za ndani. Inajua ipi ina daraja, ipi imewekwa changarawe, ipi hukatika kwenye mvua. Iweke data hiyo wazi, kwa leseni inayomlazimisha anayeichukua aseme ameitoa wapi. Kampuni kubwa itaichukua, na huyu kijana wetu ataichukua kwa bei ile ile, yaani bila bei. Na vijana wa steji walipwe na kaunti kuikagua, kama wanavyolipwa makarani wa sensa. Hapo kazi ina mshahara na mali inabaki ya umma.

BODABODA: Walipwe na kaunti? Yaani kodi yangu inilipe ili kampuni ichukue bure?

MPIMA ARDHI: Lami pia ni kodi yako, na malori ya kampuni hupita.

BODABODA: Malori hulipa ushuru wa mafuta, mzee. Ramani inalipa nini?

MSANIDI PROGRAMU: Swali hilo sina jibu lake. Nina sharti tu: msilijibu kwa kujificha. Mji unajengwa hapo ng’ambo, na wanaokuja hawatakuja kwa kuuliza. Biashara ambayo haitaonekana kwenye simu zao itahesabiwa kwamba haikuwahi kuwepo.

MWENYE HOTELI: Mimi siwezi kungoja mtoe jibu, nina jiko. Ukurasa wangu nimeuthibitisha: jina, namba, saa za kufungua. Nimeandika vile vile kwenye ramani iliyo wazi, mpwa wangu amenisaidia. Habari za wahudumu wangu haziingii kokote. Na kibao changu cha barabarani nimekipaka rangi upya, kwa sababu hicho hakuna mtu Marekani anayeweza kuandika kwamba nimefunga.

BODABODA: Mimi bado naunga mkono hoja, na anayetaka njia zangu kwenye ramani yake aje na bei. Ila nawe msomaji unayekuja Malili na pini, ukifika stejini inua macho kwenye simu uulize. Kuuliza ni bure. Kubebwa ndiko kunakolipiwa.